Dubu Kwenye Karatasi ya Mkutano

Kazi ya Delphine ilikuwa kuchora maneno ya watu. Wagitksan wenzake, wenyeji wa asili wa magharibi mwa Kanada, wakikutana, yeye hubandika karatasi ndefu kwenye ukuta wa ukumbi, na kadiri watu wanavyoongea anageuza maneno yao kuwa picha, ili mkutano ukiisha kila mtu aone alichosema.

Siku hiyo walijadili mahali pa kujenga banda jipya la kukaushia samaki wa samoni kwa moshi. Mjomba Ambrose alitaka lijengwe pale pale pa zamani, kwenye kona ya mto Skeena. Akasimulia jinsi alivyokutana na dubu hapo enzi za ujana wake. "Tukatimka mbio mpaka msituni," alisema.

Delphine akachora upesi: Ambrose mbele, suruali ikimvuka, dubu nyuma.

Vicheko vikaanza. Ambrose, akidhani wanafurahia simulizi yake, akazidisha mbwembwe. Kisha akageuka ukutani.

"Mpwa wangu," alisema taratibu, "umetupanga vibaya. Dubu ndiye alikuwa mbele. Mimi nilikuwa namfukuza."

Delphine alihisi masikio yanawaka. "Nisamehe, mjomba. Ngoja nibandike karatasi nyingine juu yake."

"Usiguse," akasema Lavinia, dada yake Ambrose, huku akitafuna mkate wa kukaanga. "Mimi nilikuwa juu ya paa la banda la zamani, niliona yote. Ulichokosea ni suruali tu. Ilishabaki kwenye mti."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"We Lavinia, ulikuwa mtoto. Ulijua nini?"

"Nilijua kuogopa. Kesho yake dubu mwingine akapita hapo hapo na watoto wake. Ndiyo njia yao ya kwenda mtoni, na mpaka leo wanaipita."

Kicheko kikakatika. Chifu Rufus, aliyeongoza mkutano, akamwomba Delphine aichore njia hiyo. Ikapita katikati kabisa ya mahali Ambrose alipotaka banda. Ubishi ukaishia hapo: banda litajengwa ng'ambo ya mto.

Delphine alipokuwa anakusanya kalamu zake, Ambrose akamsogelea.

"Basi iache," alinong'ona. "Lakini nilikuwa na samoni mkononi, na sikumwachia. Mchore."

Delphine akamchora.

"Ongeza kidogo."

Akaongeza.

"Kidogo tena, mwanangu."

Samoni alipompita dubu kwa ukubwa, Ambrose aliridhika, akaenda kutafuta chai.