Bawa Alilochaguliwa Kamuela

Leilehua hakwenda kwa Anko Masao kununua, alikwenda kulinda. Alilitangaza hilo tangu nyumbani, huku akijifunga mkanda kwenye pikapu.

"Nakuja nikuzuie usinunue jeneza."

"Majeneza ya siku hizi yana betri," mumewe akamjibu, akawasha gari.

Kamuela alikuwa mwokoaji wa ufukweni karibu maisha yake yote, na kazi hiyo ilimla bega la kulia. Daktari alilipasua, akalishona, akamwambia asahau kulala juu ya ubao na kupiga maji kwa mikono kuyafuata mawimbi. Rafiki aliyekuwa akimvuta kwa pikipiki ya maji naye alishahamia bara, Las Vegas, kutafuta nyumba anayoweza kuilipia, kama nusu ya kisiwa walivyohama. Majira mawili ya mawimbi Kamuela aliyamaliza amesimama juu ya jabali, mikono mfukoni, akiwatazama wenzake wakipanda. Mtu mzima anapolia kwa ndani nyumba nzima hupooza, na Leilehua ndiye aliyeishi katika nyumba hiyo. Kwa hiyo ubao wa mota ya umeme, usiohitaji mikono wala rafiki wa kuvuta, aliukubali. Alichotaka ni kuwepo wakati wa kuuchagua.

Karakana ya Anko Masao ilikuwa nyuma ya nyumba yake huko Haiku, na yeye hakuwa na papara na mteja. Swali lake la kwanza lilikuwa lilelile siku zote.

"Unapanda wapi?"

"Mwamba wa nje," Kamuela akasema, sauti imeshuka, maana ndiko huvunjikia mawimbi makubwa kuliko yote.

"Wapi?" Leilehua akauliza.

"Si umesikia, mama."

"Nimesikia. Nataka uliseme tena, nikiwa nimekaa."

Masao akacheka na kuanza kupanga vitu mezani juu ya taulo. Ubao mfupi, usiomburura mtu wimbi likimwangukia. Mlingoti mrefu wa kaboni, unaoshuka chini ya ubao hadi majini. Mota yenye nguvu ya kumvusha mtu nje kabla mawimbi hayajamkuta, na propela inayojikunja mota ikizimwa, ili wimbi likishamchukua asibaki na breki mkiani. Betri wakabishana kidogo wakakubaliana ya kati. Yote hayo Leilehua aliyapitisha. Kazi ikawa kwenye bawa la mbele, lile linalokaa mwisho wa mlingoti na kuunyanyua ubao juu ya maji.

Masao aliweka mawili. Moja jembamba, halifiki urefu wa mkono. La pili pana kama sinia la harusi.

"Kwa mwamba wa nje, ni hili dogo," akasema.

Leilehua akalinyanyua kwa vidole viwili. "Hili? Hili ni la kukatia keki."

Hapa lazima tumtendee haki. Leilehua hakuwa mke wa kuogopa maji. Katika mitumbwi ya mashindano, ile yenye gogo la pembeni linaloushika usipinduke, upande ule wote wa kisiwa hapakuwa na mwanamke aliyemshinda kwa usukani. Bahari ikichafuka wao hufunga gogo kubwa zaidi, mtumbwi unatulia, watu sita wanarudi kwa watoto wao. Hakuyasoma mahali. Yalikuwa yamemrudisha nyumbani hai zaidi ya mara moja, na mtu haachi kirahisi kitu kilichomrudisha hai.

"Anti, huu si mtumbwi," Masao akaanza. "Bawa likishika kasi lina..."

"Anko, bahari ni ileile, au unayo nyingine umeificha huko kwenye banda la kuku?"

Hata Kamuela alicheka. Masao akamgeukia yeye, akisubiri msaada, maana Kamuela alikuwa na ulimi wa kujisemea. Kamuela akampigia jicho tu.

"Mama kasema. Tufungie yote mawili, atakalolipenda ndilo nitakalopanda."

Masao akaenda kutafuta skrubu. Leilehua akahesabu kwamba ameshinda, na tusimfichie aibu, alijisikia vizuri.

Wiki zilizofuata zilimpa haki yote. Mawimbi yalikuwa madogo, ya kiunoni, na bawa kubwa lilikuwa tamu. Kamuela alitoka kwa mota, akachagua wimbi lake, akaizima mota kwa rimoti ya mkononi, na ubao ukamleta pwani kimya, umepaa juu ya maji. Alirudi nyumbani ana chumvi kwenye nyusi, akala samaki mbichi wa kukatwakatwa palepale kwenye bakuli la kuhifadhia, akisimulia mdomo umejaa. Alilala usingizi bila kujigeuzageuza.

"Si nilikwambia?" Leilehua alikuwa akimwambia.

"Ulinambia, mama."

Aliurudia wimbo huo hadi paka akawa anatoka nje akiusikia.

Ndipo mwezi wa kwanza ukaleta mawimbi yenyewe. Asubuhi moja mlio wake ulisikika hadi jikoni, na vikombe viligongana kabatini. Kamuela alitandaza mabawa yote mawili kwenye majani nyuma ya nyumba, kama wafanyavyo watu wa mchezo ule. Mtu huyajua mawimbi kwanza, ndipo hushika spana. Akasimama akisikiliza, kisha akachuchumaa na kuanza kukaza lile dogo.

Leilehua alimwona dirishani. Alitoka bila viatu.

"Unafanya nini?"

"Nafunga bawa."

"Siku zote hizi unapanda kubwa kwenye maji ya watoto, leo bahari imekasirika ndiyo unafunga kisu?"

"Leo ndiyo siku yake, Lei. Kubwa leo litani..."

"Usinifundishe bahari!" Sauti yake ilipanda na majirani wakaisikia. "Miaka miwili nimekaa na maiti humu ndani. Umefufuka juzi. Funga lile kubwa, la sivyo nakwenda kwa dada yangu Kahului, na nikienda sirudi. Chagua."

Alikuwa ameshikwa na hofu, na hofu ya Leilehua siku zote ilitoka na sura ya hasira. Kamuela alikuwa bado ameshika spana. Angeweza kumweleza. Labda aliona hatamsikia, au aliona akimshinda kwa maneno, mkewe atamzuia kutoka kabisa. Akazilegeza skrubu moja baada ya nyingine, akaliweka dogo kando, akalivuta sinia.

"Haya, usiende. Leo tunakwenda na la mke."

Leilehua akaingia ndani kumfungia wali na nyama ya kopo, ameridhika, moyo umeanza kutulia.

Kutoka juu ya jabali alimwona vizuri. Watu walikuwa wengi pale, na alipotokea Kamuela nyuma ya povu wakampigia mbinja. Mota ilimvusha salama hadi nje ya mwamba. Akaliacha wimbi la kwanza, akaliacha la pili. La tatu akageuka nalo.

Mwanzoni alishuka sawasawa. Kisha ubao ukaanza kupanda. Leilehua alimwona mumewe ameegemea mbele, goti limekunjwa, uzito wote kwenye mguu wa mbele, kama mtu anayesukuma mlango ambao upepo unaurudisha. Kadiri wimbi lilivyompa kasi, ndivyo ubao ulivyozidi kupanda. Mlingoti ulitoka majini wote, bawa likatokea hewani likimeremeta, na Kamuela akaanguka mbele. Ubao na bawa lake vikamwangukia.

Waokoaji walimleta pwani. Walikuwa vijana aliowafundisha yeye, na mmoja wao alikuwa akilia wazi. Bawa lilikuwa limempiga nyuma ya kichwa. Walimfanyia kila alichowafundisha kufanya, na hakuamka.

Mtaani walisema lao. Sikio la kufa halisikii dawa, mtu na bega bovu alikuwa anatafuta nini mwamba wa nje? Leilehua aliwachukia waliosema hivyo. Aliichukia mota, akamchukia daktari, akaichukia hata Las Vegas iliyomchukua yule rafiki. Chuki ilimsaidia kusimama.

Siku ya nne Anko Masao alifika na sinia la samaki, kama kila aliyefika. Alikaa jikoni, kofia magotini. Leilehua akafunga mlango wa sebuleni, ambako watu walikuwa wanaimba.

"Anko, nilikuwa naangalia. Kwa nini ule ubao ulipanda vile?"

"Tuzungumze siku nyingine, Anti."

"Nimekuuliza leo."

Masao aliizungusha kofia. "Bawa hunyanyua kwa kasi. Ukienda polepole, kubwa linakubeba vizuri. Ukienda mbio, linanyanyua kupita kiasi, na mtu hana uzito wa kulirudisha chini. Wimbi kubwa lina mbio. Ndiyo maana kadiri wimbi linavyokua, bawa linapungua."

Leilehua alishika ukingo wa meza. Alielewa mara moja. Alikuwa mtu wa bahari, na jambo lenyewe halikuwa gumu.

"Hakujua," akasema. "Masikini, hakujua."

Masao akaanza kuinuka kitini.

"Anko. Alijua?"

"Mimi hayo nilifundishwa na yeye, enzi zile anavutwa kwa pikipiki ya maji." Mzee alikuwa analia sasa. "Asubuhi ile alinipigia simu kutoka ufukweni. Nikamwambia rudi kabadilishe. Akasema, nimemwahidi. Nitashuka na wimbi moja tu, nikamwambie limefaa, ili kesho aniachie nifunge dogo."

Kwa siku zote zile kulikuwa na watu wa kuwachukia. Sasa hakubaki mtu. Leilehua akakaa, na Masao akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga.

Mlango wa sebuleni ukafunguliwa. Mama Kapeka, mama yake Kamuela, aliingia akitembea kwa kushika ukuta. Alivuta kiti, akakaa karibu, akamshika mkwewe mikono yote miwili.

"Majirani wameniambia," akasema. "Wamesikia asubuhi ile ulivyopigana naye achukue lile kubwa, lililo salama. Wengine wangemwachia tu aende."

"Mama..."

"Nyamaza. Mimi nimemzaa, najua ukaidi wake. Ulimpigania mwanangu mpaka mwisho, na mimi nilikuwa nimelala. Ahsante, mwanangu."

Leilehua alitaka kusema. Maneno yalikuwepo, machache na mepesi, na mikono ya yule bibi ilikuwa ya moto. Mama Kapeka akaweka paji lake la uso juu ya paji la Leilehua, pua kwa pua, kama watu wa kisiwa wanavyosalimiana na ndugu wa damu, akavuta pumzi, akamsubiri avute naye. Leilehua akavuta pumzi pamoja naye, na hakusema.