Injini Haichemki

Baba yangu aliamua kuliuza lori letu kwa wakata chuma bila kuniuliza mimi ninayeliendesha, na sababu yake ilikuwa mshale. Mshale wa joto pale kwenye dashibodi, usiofika hata urefu wa kidole, ulisema injini inachemka. Mzee Rwegoshora, aliyeendesha malori ujana wake wote, akausadiki kuliko binti yake wa kumzaa.

Ilianza nikiwa nimebeba mawe ya msingi, napanda mlima wa Nyabiyonza. Mshale uliruka kwenye nyekundu, gari likakosa nguvu, likawa halivuti hata kwa gia ya kwanza. Nililigeuza taratibu nikalirudisha nyumbani Nyakasimbi na mzigo wake. Fundi Jovin akaitwa. Aliutazama mshale, akatikisa kichwa, akasema silinda hedi imepasuka na injini imekwisha. Hakufungua hata mfuniko wa rejeta. Tata, ndivyo ninavyomwita baba, akanigeukia mbele ya mama na majirani.

"Umeliua," akasema.

Neno hilo liliniuma, sifichi. Nimelishika lori hilo tangu magoti ya Tata yalipomkatalia kukanyaga klachi. Nimelipitisha kwenye matope ambayo wanaume waliyakimbia, wakaacha magari yao wakaenda kutafuta chai. Leo mshale useme, nami niwe muuaji?

Asubuhi ambayo Cleophace, mnunuzi wa chuma chakavu, alikuwa aje kulikata, nilipanda kutoa vitu vyangu. Nikafungua swichi bila kuwasha injini, nisikilize redio kwa mara ya mwisho. Mshale ukapanda moja kwa moja hadi kwenye nyekundu.

Nikashuka, nikaigusa injini. Ilikuwa imelala siku mbili kwenye baridi ya huku kwetu, nayo ilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Na bado mshale unaapa kwamba inachemka. Nilicheka peke yangu, kisha hasira ikanipanda.

Kwenye injini kuna sensa, kidude kidogo kinachopima joto la maji na kuipelekea habari kompyuta ya gari. Kikiharibika kikaanza kusema uongo, kompyuta inaamini injini inaungua, nayo inabana mafuta ili kuiokoa. Ndiyo maana gari halikuvuta. Hakuna kilichopasuka.

Nilimwita Tata aje aone.

"Jovin ni fundi," akasema, bila kuutazama mshale zaidi ya mara moja. "Wewe ni dereva."

"Injini ya baridi inachemkaje, Tata?"

Akageukia barabara. Cleophace alikuwa ameshafika, anashusha mtungi wake wa gesi kando ya kibanja chetu cha migomba.

"Dada, teremka basi nianze kukata chuma changu," akasema.

"Chuma chako kiko wapi? Hapa kuna gari."

Nikachomoa waya wa ile sensa. Kompyuta ikikosa habari kabisa hukisia joto la kawaida na kuachia mafuta. Ubaya wake ni mmoja: taa nyekundu inawaka, mshale unaanguka, na injini ikichemka kweli hakuna wa kukuambia. Nikawasha, ikaitika.

"Panda, Tata. Twende mlima uleule, na mawe yaleyale. Tukifika juu ukakuta inachemka, nitamshikia Cleophace mtungi mimi mwenyewe."

Alipanda. Nadhani alipanda kwa sababu majirani walikuwa wanatazama, na mali ilikuwa yake.

Tulipoanza kupanda, macho yake yalikuwa kwenye taa tu.

"Simama," akasema.

Nikabadili gia.

"Taa inawaka. Simama utazame maji."

"Taa inawaka kwa sababu nimechomoa waya."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu, Tata."

Sijawahi kumjibu hivyo maisha yangu yote. Niliogopa, maana kama nilikosea, nilikuwa naiua injini kwa mguu wangu mwenyewe, na shahidi amekaa pembeni. Lakini lori lilikuwa linavuta. Nililisikia kiatuni, likivuta na mawe yake kama zamani. Nikawaza, sisimami hapa katikati ili mtu aseme lilikufa tena palepale.

"Kokwijuka, nimesema simama."

Nikakanyaga moto.

Juu ya mlima niliegesha pembeni, nikaiacha injini inaunguruma. Tata alishuka polepole kwa magoti yake mabovu. Aliinama, akatafuta mvuke, hakuuona. Akatazama kopo la maji ya akiba: maji yametulia kwenye mstari wake, hata povu hakuna. Akasogeza kiganja karibu na rejeta, akakiacha hapo. Kisha akasikiliza. Mzee huyu anajua kusikiliza injini, na ndiyo maana nilikuwa nimemkasirikia hivyo.

Akatoa simu, akampigia Cleophace. "Beba mtungi wako uende," akasema, akakata.

Alirudi kukaa kitini. Sikutegemea aniombe radhi, na hakuniomba. Injini iliendelea kuunguruma, taa bado inawaka.

"Ungesimama kule chini nilipokuambia," akasema, "ningeliuza."

"Najua, Tata. Ndiyo maana sikusimama."