Nakili Kwanza, Pima Baadaye

Mlio ulimpokea fundi mlangoni: ta, ta, ta, kimya, kisha ta, ta, ta tena. Diski ya kompyuta inayogonga hivyo inakata roho, na hii iliyokuwa mezani kwa mumewe ilikuwa ya baba yake fundi.

"Umeifanya nini?"

"Nilikuwa naipima tu, mke wangu. Nijue sehemu mbovu ziko wapi."

"Umeipima yote? Mwanzo mpaka mwisho?"

Mume akajikuna shingo. Fundi akawaka. Karakana yao ilikuwa na sheria moja, na aliyeibandika ukutani ni mwanamume huyuhuyu: diski inayougua hunakiliwa kwanza, hupimwa baadaye, maana kuipima yote ni kuimalizia nguvu kidogo iliyobaki. Wateja aliwasuta kila siku: "Mnamkimbiza mgonjwa mbio ili mjue kama anaumwa?" Mganga hajigangi, haya, lakini hata mkwewe hamgangi? Kiherehere tu.

Kabla ya upasuaji wa koo ulioiondoa sauti yake, mzee huyo alirekodi hadithi na vichekesho vyake vyote, wajukuu waje kumsikia. Vilikuwa humo, na hapakuwa na nakala nyingine. Fundi alibadilisha waya, akabadilisha kompyuta, akasikiliza tena. Diski ilikuwa imekufa.

"Nilitaka kukusaidia," mume akasema.

"Nani alikuomba? Ungeiacha ilipo, basi. Kuiacha tu kulikushinda?"

Mchana baba akaja, akavuta kiti, akatabasamu, akaelekeza kidole sikioni: anataka kusikia.

"Mwambie," fundi akamwambia mumewe. "Kwa mdomo wako mwenyewe."

Akamwambia, pamoja na kosa lake.

Mzee akasimama. Akafumbua kinywa, mishipa ya shingo ikamtoka, lakini ilikuja pumzi tupu. Akajaribu tena. Kisha akamshika binti yake bega na kumsonta mkwewe.

Fundi akaelewa. Maneno ambayo baba alimkaripia nayo tangu utotoni aliyajua yote, kwa mpangilio wake, na sasa aliyamimina: "Kichwa maji wewe! Mikono mbele, akili nyuma! Ukipewa maji uchemshe, utayaunguza! Nani alikutuma? Nasema, nani alikutuma?" Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Mume alisimama macho chini, akipokea. Na kila mara fundi alipotua kuvuta pumzi, mzee alimgonga bega aendelee.