Nikisema Funga

Nyumba ile ilimzidi umri kila mtu aliyelala ndani yake, na kwa wiki tatu sasa ilikuwa ikitoka jasho. Doa lilianzia kwenye ukuta wa chumba cha mama, dogo kama kiganja. Likapanda, likatanuka, likaota ukungu mweusi, na rangi ikavimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Mama mwenyewe alilala chini ya doa hilo. Alikuwa amepasuliwa nyonga siku kumi na mbili zilizopita, na hakuweza kuteremka kitandani bila watu wawili kumshika, mmoja huku na mwingine huku.

Walikuwa wakiishi wawili tu, yeye na kitinda mimba wake, binti ambaye jina hilo lilimganda mpaka watu wakalifupisha kuwa Kitinda. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita. Haya zake zilikuwa za kupindukia. Dukani akipewa kitu ambacho hakukiomba, alikichukua hivyo hivyo, akashukuru, akaenda nacho nyumbani.

Asubuhi hiyo fundi bomba alifika. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, na hapakuwa na haja ya kuuliza sababu.

"Hodi humu. Nimekuja leo, msije mkasema."

"Karibu, fundi," mama alijibu kutoka chumbani. "Kitinda, hebu nifinye, nisije nikawa naota."

Fundi alicheka, akaingia na begi lake la vyombo. Alilitazama doa, akalibonyeza kwa kidole gumba, na plasta ikabonyea kama mkate uliolowa. Kaka mkubwa wa Kitinda alikwisha kumwambia kwa simu kwamba maji yanatoka kwenye tangi la darini, na kaka alikuwa mtu wa kusema jambo kwa uhakika hata asipolijua. Kwa hiyo fundi hakupekua kwingine. Alimpeleka Kitinda bafuni, ambako heita ya umeme ilining'inia kwenye ukuta ule ule uliokuwa nyuma ya mto wa mama. Bomba la maji baridi lilishuka kutoka darini mpaka kwenye heita. Lilikuwa na koki moja, na chini ya koki nati kubwa ya shaba.

"Shika hii spana, simama hapa. Mimi naenda kubadilisha kipande cha bomba huko juu. Nikisema funga, wewe funga. Sawa, binti?"

"Sawa."

Akapanda ngazi ya kwenye ukumbi, akapotelea darini, magoti yake yakigonga mbao mpaka upande wa pili wa nyumba. Kitinda alibaki akilitazama bomba. Nifunge nini? Swali lilimfika kwenye ncha ya ulimi likakaa hapo. Angeanzaje kupaza sauti kumwita mtu mzima aliye kazini, na kumwuliza neno ambalo hata mtoto analijua? Kufunga ni kufunga. Yeye tangu utotoni aliambiwa funga maji, na alifunga koki.

Ilipita kama robo saa.

"Funga!" sauti ilitoka juu.

Aliweka spana sakafuni ili mikono iwe huru, akaizungusha koki mpaka mwisho, akaikaza kabisa.

"Nimefunga!"

"Vizuri. Nisubiri, nasafisha tangi."

Alifurahi moyoni kwa kuwa hakuuliza. Akaenda kumpa mama maji ya kunywa.

Mama hakuyapokea. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto na kugeuza sikio.

"Mwanangu, huu ukuta unaniongelesha."

"Ukuta unasema nini?"

"Ningejua ningekuwa nimeujibu. Weka mkono."

Kitinda aliweka kiganja kwenye doa, akakiondoa haraka. Ukuta uliokuwa baridi na majimaji kwa wiki tatu, sasa ulikuwa na joto la paji la uso wa mgonjwa. Ndani yake kitu kilikuwa kikiunguruma, kisha kikagonga mara moja, ko, kama mtu anayebisha kutoka upande wa pili. Chembe za plasta zilidondoka juu ya shuka.

Alirudi bafuni. Heita ilikuwa ikitetemeka kwenye misumari yake, na taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Ilikuwa imewashwa tangu alfajiri kwa ajili ya kumkanda mama. Siku hizi haikujizima yenyewe hata maji yakichemka, na walikwisha kuizoea hali hiyo, kama watu wanavyomzoea jirani mkorofi.

"Fundi!" Sauti ilitoka nyembamba. Akaita tena kwa nguvu. "Fundi, heita inatetemeka!"

Kisha sauti ikasema polepole, "Ile nati uliikaza?"

"Nati gani?"

"Nati, binti. Si nimekuachia spana? Nilisema funga."

"Nimefunga koki."

Huko juu magoti yaligeuka kuelekea upande wa bafuni.

"Nisikilize," fundi alisema, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Chini ya heita kuna kibomba kidogo cha kudondosha maji. Kinadondosha?"

Kitinda aliinama. Kibomba kilikuwepo, lakini mdomoni mwake kulikuwa na kijiti kilichogongomewa mpaka ndani. Alikumbuka. Wiki nne zilizopita kaka alikuja kusalimia, akaona kidimbwi sakafuni, akachonga kijiti, akakipigilia kwa nyundo huku akiwahubiria: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama alimsifu. Siku chache baadaye doa likajitokeza.

"Kaka alikiziba," alisema.

"Lahaula." Mbao za dari zilianza kulia kwa kishindo. "Hiyo heita ilikuwa inapumua kwa kile kibomba. Kilipozibwa ikawa inapumulia huku juu kwangu, na sasa huku nako umefunga. Haina pa kutolea pumzi. Usiguse koki hiyo tena, ikifunguliwa ghafla heita itapasuka; wala usiguse swichi ya ukutani, ukuta umelowa. Kimbia, kazime meinswichi ya mlangoni. Halafu nenda jikoni, fungua ya maji moto."

Mlango wa mama ulikuwa katikati ya njia. Mama alikuwa amejiegemeza kwa kiwiko, jasho limemtoka usoni, plasta imemwagika kwenye nywele zake kama unga. Kitinda alisimama. Kila kiungo chake kilitaka kuingia mle ndani na kuvuta kitanda.

"Unanitazama nini?" mama alisema kwa utulivu. "Mwenye kazi yake amekwambia uende wapi?"

Akaenda. Alishusha swichi kubwa ya mlangoni, friji ikanyamaza, taa nyekundu bafuni ikafa. Lakini mngurumo haukufa. Maji yaliyokwisha kuchemka hayajui kwamba umeme umezimwa.

Alifika jikoni. Hapo kwenye sinki palikuwa na koki ya maji moto yaliyotoka kwenye heita ile ile, na chini yake nati, na juu ya meza spana nyingine ya fundi. Alinyoosha mkono, akausimamisha hewani. Fungua. Koki hufunguliwa, na nati nayo hufunguliwa. Safari hii haya zilimjia kama kawaida yake, naye akazimeza.

"Fundi! Nifungue kwa mkono au kwa spana?"

"Mkono! Mkono, mama yangu! Ukifungua nati itakubabua uso. Zungusha koki kidogo kidogo, usimame pembeni!"

Alisimama pembeni, akazungusha. Kwanza hapakutoka kitu. Kisha koki ilikohoa, ikatema mvuke kwa mlio uliomfanya afumbe macho. Yakafuata maji yenye kutu, yakirukaruka, yakipiga sinki kwa hasira. Jiko likajaa ukungu. Aliongeza kidogo, akaongeza tena, mpaka mlio ukawa mnene na wa taratibu.

Hapo ndipo alipomkimbilia mama. Alishika vyuma vya mwisho wa kitanda, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi. Kitanda kilisogea shubiri moja. Mama aliuma meno kwa maumivu ya nyonga. Shubiri ya pili. Ya tatu. Kikateleza hadi katikati ya chumba. Nyuma ya kichwa cha mama ukuta ulitoa sauti kama gunia likichanika, na bamba la plasta pana kama meza likaporomoka pale ulipokuwa mto, likifuatwa na mchirizi wa maji ya moto uliotambaa sakafuni, ukitoa moshi.

Fundi aliingia akiwa na utando wa buibui mpaka kwenye kope. Aliangalia bomba la ndani ya ukuta, ambalo sasa lilionekana, kiungio chake kikiwa kimepinda na kutafunwa na kutu. Akaangalia kitanda. Kisha akakaa chini bila kukaribishwa.

"Maji hayakuwa ya dari, yalitoka kwenye kiungio hiki tangu kile kibomba kizibwe," alisema. "Mimi niliambiwa dari nikaenda dari, sikuuliza hata heita imewashwa. Lakini wewe, binti, kwa nini hukuniuliza ufunge nini?"

"Niliona haya."

Fundi alijifuta uso kwa kofia. "Na mimi nilitaka kukuonyesha ile nati kwa kidole. Nikasema aa, huyu kasoma mpaka chuo, ataona namdharau."

Mama alikuwa akichambua vipande vya plasta kutoka kwenye nywele zake, kimoja kimoja, akivipanga juu ya shuka.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaheshimiana," alisema. "Heshima zenu nusura zinizike."

Kitinda alianza kumkung'uta plasta mabegani. Maji yaliendelea kutiririka jikoni, yakipoa.

Chumba kile hakikufaa tena, kwa hiyo ilibidi kitanda kihamie sebuleni na mama akiwa juu yake. Fundi alishika upande wa kichwani, akaanza kuvuta kuelekea mlangoni kwa nguvu za mtu anayetaka kusamehewa.

"Ngoja kwanza," Kitinda alisema.

Fundi akaendelea.

"Fundi, nimesema ngoja." Sauti ilimshangaza hata yeye, lakini hakuirudisha. "Mlango ni mwembamba na mguu wa mama unaouma ni huu wa kushoto. Unataka tukitangulize kichwani au miguuni? Niambie kwanza, nikuelewe, halafu tunyanyue."

Fundi alikiachia kitanda. Akaonyesha kwa kidole, hatua kwa hatua, na Kitinda akauliza tena, na mama akawasubiri.