Mipera ya Mama Ndaki

Msumeno ulianza kunguruma kabla Zipora hajamaliza kumnawisha mjukuu wake uso. Alitoka mikono ikichuruzika maji. Mipera ilikuwa imebeba mpaka matawi yameinama, na mapera yenyewe bado mabichi.

"Shikamoo, Mama Ndaki," alisema Sostenes, afisa wa mipango miji, aliyekuja kusafisha njia ya barabara mpya.

"Marahaba, baba. Nisubirie yaive basi. Uji ukikosekana, huyu mtoto anashinda nayo."

Ndaki, mwanawe, alifukiwa kwenye shimo la duara akichimba dhahabu huko Kharumwa. Alimwachia mama yake mjukuu huyo, Loveness, na mipera aliyoipanda kwa mikono yake.

Sostenes aliigusa kwa kiatu miche ya mipapai iliyopangwa mbele ya nyumba. Geita nzima inajua mchezo huo: barabara ikitangazwa, wajanja hupanda miche haraka haraka wavune fidia. Wanauita tegesha. Zipora hakuwa mjanja, masikini! Mwenyekiti wa mtaa alisema mkutanoni kila kaya ipande mti mbele ya nyumba, mji upendeze. Zipora akapanda mipapai, ya kuliwa.

"Umetegesha, mama. Na aliyetegesha halipwi chochote, si miti si ardhi."

"Mipera aliipanda marehemu!"

"Basi mlete marehemu atoe ushahidi."

Vijana wa msumeno wakacheka. Wakacheka kweli, mbele ya mama wa mtu.

"Hata ule wa pembeni? Barabara haiufikii. Si uachwe, wapita njia wale?"

"Mji tumeshauchora, mama. Miti ya matunda inaleta nzi na watoto."

Mpera wa mwisho ulipolala chini, Sostenes aliokota pera moja lililowahi kuiva, akalifuta kwenye suruali, akalitafuna. "Tamu," alisema. Haya hana hata chembe.

Lami ilipokauka, kandokando ikapandwa miashoki, myembamba, isiyo na kivuli wala tunda la kuliwa. Mgambo akapita nyumba kwa nyumba: kila mtu amwagilie mti ulio mbele yake, ukinyauka atalala mahabusu.

Zipora akateka maji. Loveness, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, alisimama chini ya mwashoki akikagua majani.

"Bibi, huu unazaa mwezi gani?"

"Shika ndoo vizuri," alisema Zipora. "Usimwage, tutafungwa."