Shangazi Alivyonijibia

Shangazi aliniongoza hadi ndani ya chumba cha daktari, akakivuta karibu na meza kile kiti kizuri na kunionyesha benchi la ukutani. Nilikaa, nikatazama viatu vyangu.

Daktari wa kliniki ya afya ya akili alikuwa na kompyuta mpya. Alitueleza kwamba ukiipa majibu ya mgonjwa, inakisia kama atapata nafuu upesi au atahitaji msaada wa muda mrefu.

"Inakisia tu," alisema. "Haipigi ramli. Haya dada, unalala vizuri?"

"Kama gogo," akajibu shangazi.

"Hamu ya kula?"

"Huyu? Sufuria zinamkimbia."

"Na kazini?"

"Hodari! Muulize fundi wake."

Shangazi si mwongo. Kwetu ukiulizwa hali unajibu nzuri, hata kama uko hoi kitandani. Nami ulimi wangu ni mzito mbele za watu tangu utotoni, kwa hiyo amezoea kunijibia, dukani na hata kwa majirani.

Daktari alibonyeza, akatabasamu. "Habari njema. Utapata nafuu mapema. Endelea na vidonge, na nafasi yako ya mazungumzo kwa mama mshauri tumpe mwingine. Foleni yake ni ndefu mno."

"Mungu mkubwa!" akasema shangazi, akichukua mkoba wake.

Nilikuwa nimeketi na mama mshauri mara moja tu, lakini alinisubiri nikamaliza sentensi yangu. Hakuna mwingine aliyewahi kunisubiri.

"Si hivyo," nilisema.

Daktari aliinama. "Sema tena, dada."

"Silali. Nasikiliza bati mpaka majogoo wawike. Chakula nawamwagia kuku shangazi akigeuka. Kazini nashona pindo, nalifumua, nalishona tena, naona limekwenda upande. Fundi ameniondoa kwenye cherehani. Siku hizi napiga pasi tu."

Shangazi akashika kiuno. "Kumbe ndiyo maana kuku wangu wamenenepa!"

Daktari alicheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka.

Alirudia maswali yote, safari hii akinitazama mimi. Alipobonyeza, hakutabasamu. "Sasa inakisia safari itakuwa ndefu kidogo."

"Umeona?" shangazi alinigeukia. "Umejiharibia mwenyewe!"

"Hapana, mama," daktari alisema. "Wenye safari ndefu ndio tunaowapa wa kuwasindikiza. Nafasi kwa mama mshauri inabaki yake."

Jioni shangazi alinipakulia chakula, akaketi mbele yangu, mkono shavuni. "Kula nikuone, mwanangu. Hao kuku wakajitafutie."

Sikumaliza sahani, lakini nilifika nusu. Hakunigombeza.

Wiki iliyofuata tulikwenda tena kliniki. Mlangoni kwa mama mshauri shangazi alisimama, akakaa kwenye benchi la nje.

"Huingii?" nilimuuliza.

"Niingie kufanya nini? Mdomo wangu leo nimeuacha nyumbani. Nenda na wako."

Mama mshauri alinikaribisha, akaniuliza habari zangu. Neno "nzuri" lilishanifika mdomoni. Nililimeza, nikakaa kwanza. Naye akasubiri.

"Usiku bado mbaya," nilisema. "Lakini jana nimeshona kwa mkono pindo la gauni la shangazi. Sikulifumua."