Waya wa Rula

Hakuna mtu katika ofisi ile ya wachoraji ramani za majengo asiyeijua sheria: waya wa ofisi hauvuki mlango, na atakayeutoa atafagia chumba kizima mchana kweupe, wenzake wameketi. Aliyeitunga ni mkuu wao, mzee ambaye kwa unyofu wake walimbandika jina la Rula.

Asubuhi hiyo wageni walifika kutazama ramani ya zahanati yao. Mwanamke aliyeichora kwa moyo wake wote alichomeka waya kati ya kompyuta na skrini ya ukutani. Skrini ikabaki giza. Akachomoa, akageuza, akachomeka tena. Giza.

"Binti, skrini hii juzi ilikuwa nzima," Rula alisema mbele ya wageni. "Umeichokoachokoa nini?"

"Sijagusa kitu, mzee."

"Basi imejizima kwa hasira! Kazi hii nitampa mwingine."

Mwanamke akainamisha uso. Ndipo Rula alipoutazama vizuri ule waya: mweupe, mwembamba, na shingoni una uzi mwekundu ambao mkewe aliufunga ili watoto wasiuchukue. Juzi alikuwa amekwenda na waya mnene wa ofisi nyumbani kuchaji simu; jana akarudisha huu wa mkewe, akijiambia kwamba vichwa vinafanana, basi kazi ni moja. Kumbe huu ulipitisha umeme tu. Picha haukuweza kuzibeba.

Angeweza kunyamaza. Wageni walikwisha kuanza kukusanya mikoba yao, na hakuna mwingine aliyeujua uzi ule.

"Ketini, tafadhali," alisema. "Skrini ni nzima. Waya wake uko nyumbani kwangu, niliuchukua mimi. Binti, niwie radhi. Nimekuvunjia heshima bure, na kazi ni yako."

Aliufuata nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Ulipochomekwa, zahanati ikajaa ukutani, madirisha yake yote yakionekana.

Mchana Rula alivua koti, akashika ufagio.

"Mzee, hapo chini ya kabati umekwenda kombo!" mmoja alitania, na chumba kikaangua kicheko.

Mwanamke hakucheka. Aliinua miguu yake tu ili ufagio upite.

Rula alifagia hadi kizingitini, akazoa taka zote, wala hakuna aliyempokea ufagio.